Kanopi ikishuka, nani anaibeba?

Wenye pikapu wengi hugundua siku ya kununua simtanki kwamba kanopi yao haijawahi kushuka tangu ifungwe. Tangi la lita 1,000 haliingii chini ya paa lile hata ulilaze. Fundi bomba anasubiri nyumbani, mwenye duka anataka nafasi yake, na wewe unalizunguka gari ukitafuta pa kushika. Hapo ndipo mtu husema: "Si tuite vijana wanne tuinyanyue tu?"

Mimi nimewahi kulisema neno hilo. Tulikuwa wanne, tukainyanyua vizuri, tukapiga hatua mbili, na aliyeshika kona ya nyuma kushoto akakanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Hakuna aliyeumia. Kona ya kanopi ilipiga sakafu na ufa ukapanda mpaka kwenye dirisha la pembeni. Kijana yule aliomba radhi siku nzima, na kosa halikuwa lake. Upande wake ndio uliokuwa na mlango wa kioo, kwa hiyo alikuwa amebeba zaidi ya tuliokuwa mbele, na hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo kazi hii naifanya nikiuliza swali moja kwa sauti kila hatua, na wanaonisaidia wanaponicheka nawaacha wacheke: uzito uko kwa nani sasa?

Tuanze na uzito wenyewe. Kanopi ya faiba ya pikapu ya milango minne, pamoja na vioo vyake, mara nyingi huwa kati ya kilo 50 na 100. Ya alumini inaweza kuwa nyepesi kidogo. Ya chuma iliyochomelewa mtaani, yenye keria juu, huzidi hapo bila shida. Usikisie. Kama karatasi za kiwandani zimepotea, hesabu kwa kilo 100 na uende na hiyo.

Sasa gawanya kwa wanne: kilo 25 kila mtu, kama uzito ungegawanyika sawa, nao haugawanyiki sawa. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, inaanzia kilo 23 kama kikomo cha mtu mmoja kunyanyua, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye kimo kizuri, bila kujipinda. Kingo za bodi la pikapu iliyoinuka ziko kama mita 1.3 kutoka chini, yaani kifuani. Utanyanyua juu ya kifua, mikono imenyooka mbele, halafu utembee kinyumenyume. Kikomo hicho kinashuka haraka sana katika mkao huo. Kama huna namna ila mikono, tafuta watu sita, toa kwanza mlango wa kioo na keria, na watu watatu kati ya hao wakae nyuma. Lakini mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuishusha na kuipandisha mara nne au tano kwa mwaka akiwa na msaidizi mmoja, bila kuomba mtaa mzima.

Jambo la kwanza utakalotaka kulifanya ni kutazama juu, kwenye kenchi za banda la gari, na kufikiria kufunga kapi pale. Acha. Kenchi zetu zimepigwa misumari zibebe bati na kupambana na upepo. Mbao ya chini ya kenchi haikuwekwa kubeba kilo 100 zinazoning'inia katikati yake, na ikivunjika haitoi onyo refu. Vivyo hivyo bolti za kupanua zilizochimbiwa kwenye ukuta wa matofali yenye matundu: zinashika vizuri mwaka mzima, kisha siku moja zinatoka na kipande cha tofali. Boriti ya chuma iliyolala juu ya lenta, pande zote mbili, ni jambo jingine, kwa sababu hapo uzito unakandamiza ukuta na hauuvuti. Kama banda lako lina lenta imara na fundi wa ujenzi ameikagua, tumia hiyo.

Wengi wetu hatuna, na ninachopendekeza ni fremu inayosimama yenyewe. Fikiria fremu ya kitanda cha chandarua: miguu minne, viunganishi juu, katikati wazi. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3. Boriti mbili za juu zikatize upana wa gari, moja juu ya mwanzo wa kanopi na nyingine juu ya mwisho wake, kila moja isizidi mita 2.5. Upana huo unatosha pikapu kupita ikiwa imekunja vioo vya pembeni. Bomba za urefu ziunganishe boriti hizo, na kila kona iwekewe mhimili wa mshazari. Fremu isiyo na mishazari husimama wima mpaka siku itakaposukumwa kwa ubavu. Chini ya kila mguu weka sahani ya bati nene, na kama sakafu ni ya zege, ifunge kwa bolti.

Kimo chake usikiige kwa jirani. Pima chini hadi ukingo wa bodi, ongeza sentimita 10 za nafasi na sentimita 10 za mbao itakayopita chini ya kanopi, ongeza kimo cha kanopi yenyewe, ambacho mara nyingi ni kama sentimita 55, kisha sentimita 10 za boriti ya kunyanyulia na kama sentimita 35 za winchi ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Kwa pikapu ya mita 1.3 hesabu hiyo inafika mita 2.5 chini ya boriti ya juu. Banda lenye paa chini ya hapo halitoshi, na ni bora ulijue hilo kabla hujanunua bomba.

Kabla ya kanopi, ijaribu fremu kwa saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, kwa hiyo mifuko minne ni mara mbili ya mzigo wako. Ifunge kwenye boriti moja, ipandishe sentimita 10 tu kutoka sakafuni, iache usiku kucha, asubuhi pima kama boriti imepinda na kagua kila mchomeleo. Kisha boriti ya pili. Mifuko ikianguka sentimita 10, hasara ni vumbi.

Winchi ninayoiamini ni ile ya mnyororo wa mkono, ambayo mafundi wa gereji hushushia injini. Ya tani 1 imepita mahitaji yako mara kumi, inapatikana, na ina breki ndani yake: ukiuachia mnyororo, mzigo unabaki pale pale. Kapi ya kamba haina tabia hiyo. Kamba inabaki mkononi mwako, na kapi nne zikikupunguzia uzito zinakuongezea kamba ya kuvuta na mahali pa kukwama. Kama lazima utumie kamba, basi kumbuka kuwa fundo hula sehemu kubwa ya nguvu yake, mara nyingine hadi nusu, na kamba ya kuanikia nguo haina kazi hapa hata ikiwa mpya. Nunua winchi mbili za mnyororo, moja mbele na moja nyuma. Wawili mnavuta kwa zamu, kidogo kidogo, na kanopi inabaki sawa. Winchi moja katikati inaonekana rahisi, ila upande wa kioo utainama na mtabaki mnaukimbilia.

Sasa, kanopi inashikwa wapi? Si kwenye keria. Si kwenye mpini wa mlango. Si kwa mkanda uliozungushwa juu ya paa lake kama mzigo wa maharage, kwa sababu mkanda ukikaza unazibana kuta za faiba kuelekea ndani na faiba hupasuka pale isipoungwa mkono. Kanopi imetengenezwa kukaa juu ya kingo zake za chini, kwa hiyo inyanyuliwe kwa kingo hizo hizo. Chukua mbao mbili za inchi 2 kwa 4, ngumu, zisizo na macho, zenye urefu wa mita 2. Moja inakatiza chini ya kanopi karibu na mbele, nyingine karibu na nyuma, na ncha zake zinatokeza pande zote mbili. Kuzipenyeza, mmoja anainua upande mmoja wa mbele kiasi cha mbao kupita, wa pili anaisukuma. Hakikisha imesimama kwa ubavu wake mwembamba, maana mbao iliyolala hupinda. Ifunge isizunguke.

Kutoka kila ncha ya mbao hiyo, mkanda unapanda wima hadi kwenye boriti ndogo ya juu, nayo inashikwa katikati na ndoano ya winchi. Mbele unapata mstatili, nyuma unapata mstatili. Nasisitiza neno wima. Watu huiruka boriti ya juu na kuzileta ncha zote mbili moja kwa moja kwenye ndoano, mikanda ikawa imelala kama paa la kibanda. Hapo hesabu inabadilika. Mikanda miwili iliyo wima inagawana uzito nusu kwa nusu. Ikilala mpaka nyuzi 30 kutoka usawa, kila mkanda unabeba uzito wote mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Ikilala nyuzi 15, kila mmoja unabeba karibu mara mbili ya mzigo. Juu ya hilo, mikanda iliyolala inazisugua kona za paa la kanopi na kuzibana.

Mikanda ya kunyanyulia yenye kufuata kanuni za Ulaya ina rangi inayosema nguvu yake: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Zambarau inatosha kabisa. Isome lebo iliyoshonwa. Mkanda usio na lebo, au wenye nyuzi zilizokatika pembeni, tumia kufungia magodoro.

Siku ya kazi yenyewe ingiza gari kinyumenyume. Jambo hili dogo limewasumbua watu wengi kuliko winchi. Ukiingia kwa kichwa, ili utoke itabidi kabini ipite chini ya kanopi, maana yake kanopi ipande mpaka juu ya paa la gari, karibu nusu mita zaidi ya ulivyopima. Ukiingia kinyumenyume, bodi ndilo linatoka chini ya kanopi, na sentimita 10 zinatosha. Kama bodi lako lina fremu ya chuma nyuma ya kabini inayopanda ndani ya kanopi, hesabu kimo chake nacho.

Zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia, weka kabari kwenye magurudumu. Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndala. Ndani ya kanopi tafuta waya wa taa ya breki na wa taa ya ndani, vua plagi zake; kama fundi aliziunga kwa kuzungusha waya na selotepu, toa kwanza kichwa hasi cha betri, kisha fanya muungano ule kuwa wa plagi ili mwakani usihangaike. Funga mlango wa kioo na kitasa chake. Kama utautoa mlango, ushike kabla ya kuzivua shokapu ndogo za gesi zinazouinua, kwa sababu zikitoka tu uzito wote wa kioo unakuwa wako. Kioo hicho kimeimarishwa kwa joto, kinavumilia pigo la usoni lakini ukikigonga ukingoni kinamwagika chote kama chumvi ya mawe.

Legeza klampu au bolti zote kwanza, ndipo uanze kuzitoa. Ziweke kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila moja iende na washa yake. Raba iliyo chini ya kanopi itakuwa imeganda kwenye rangi ya gari. Usiichokonoe kwa bisibisi. Subiri jua la saa nne liipashe joto, kisha pitisha kipande cha plastiki ngumu taratibu kuizunguka.

Mmoja tu ndiye anatoa amri. Maneno ni matatu: pandisha, shusha, simama. Neno "simama" anaweza kulisema yeyote, hata mtoto aliyekaa mlangoni. Na kabla ya kuvuta, wote waambiwe: ikiponyoka, iache. Faiba hurekebishwa kwa mkeka na gundi siku moja. Mwenye kudaka kilo 80 hewani hupelekwa kwa daktari wa mifupa.

Vuteni mpaka mikanda ikaze, simameni. Uzito uko kwa nani? Bado uko kwa gari. Pandisheni sentimita tano. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: bodi nalo litapanda, kwa sababu springi za nyuma zimetuliwa mzigo. Usidanganyike ukafikiri kanopi haijaachana na gari au imekwama. Angalia nafasi kwa macho, pande zote nne. Sasa uzito uko kwa fremu. Ikiwa nyuma inaning'inia chini kuliko mbele, shusheni, sogezeni mbao ya nyuma karibu zaidi na kioo, mjaribu tena. Nimewahi kurudia mara tatu na sijutii. Ikitulia, isukumeni kidogo kwa kidole: inatakiwa kuyumba kama bembea, bila mlio wowote juu.

Dereva aingie, asogee mbele kwa mwendo wa kobe, mwenzake akiwa pembeni ya bodi na si nyuma yake wala kati ya gari na mguu wa fremu. Gari likishatoka, hakuna sababu ya kanopi kubaki hewani.

Najua wengi wanapenda kuiacha juu ili gari lirudi chini yake. Mimi siipendi, na nitaeleza. Winchi ni ya kunyanyulia. Kuhifadhi miezi sita ni kazi nyingine, yenye mtetemo wa lori barabarani, panya wanaotafuna mkanda, mtoto anayegundua kwamba mnyororo unavutika. Kama nafasi haikuruhusu vinginevyo, basi fundi atoboe miguu ya fremu na apitishe bomba mbili za kukatiza zenye pini za kufungia, uishushe kanopi ikae juu ya bomba hizo, kisha ulegeze minyororo mpaka ining'inie bila kazi. Jibu la swali letu liwe bomba, na winchi ipumzike. Funga mnyororo juu kwa kufuli.

Ila ukiweza, ishushe mpaka chini. Tengeneza toroli la mbao za 2 kwa 4 lenye magurudumu manne yanayozunguka, kingo zote mbili ndefu za kanopi zilale juu ya mbao kwa urefu wake wote, halafu isukume ukutani. Usipokuwa na toroli, matairi sita yaliyochakaa yanafaa sana: manne kwenye kona, mawili katikati ya pande ndefu, ili mradi sakafu iwe sawa. Faiba inayokaa miezi kwenye joto la banda la bati ikiwa imeinama kona moja hujipinda taratibu, na utakapoirudisha, mashimo ya bolti hayatakutana. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuisimamisha wima ukutani: inachukua nafasi ndogo, kweli, lakini inasimama kwenye ukingo usiotengenezwa kubeba, na inaanguka. Mbao mbili za kunyanyulia ziache pale pale chini yake.

Ioshe kwa sabuni na ikauke kabisa, hasa kama unaishi pwani ambako chumvi inakaa kwenye bawaba na vitasa. Weka tone la mafuta kwenye kufuli. Raba ipake poda ya watoto, usiipake grisi, maana mafuta ya petroli huivimbisha. Acha dirisha moja wazi kidogo na uzibe kwa wavu, la sivyo nyigu watahamia. Ifunike kwa shuka kuukuu. Turubai la plastiki hufungia unyevu, na ukungu ukishaingia kwenye kitambaa cha ndani hautoki. Lile kopo la bolti lifunge kwa waya kwenye mpini wa kanopi yenyewe, plagi ya umeme upande wa gari izibwe kwa mfuko na raba bendi. Na mtu asiweke magunia juu yake, hata kwa usiku mmoja tu.

Kuirudisha ni njia ile ile kwa kinyume, isipokuwa pale inapokaribia kukaa. Sentimita tano za mwisho ndizo zinazokata vidole, kwa sababu kila mtu anataka kuielekeza kwa mkono. Ielekeze kwa kusukuma kuta zake kutoka nje, kiganja kikiwa bapa. Washa taa ya breki uone kama inawaka kabla hujakaza chochote. Kisha kaza bolti kwa kupishana, kona hii na ile ya mshazari, kidogo kidogo mpaka raba ibanwe sawasawa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, hasa zikiwa za vumbi, simama pembeni na uzikaze tena. Zitakuwa zimelegea.